Kinyama Kilichovuka Bahari: Mafunzo Niliyopata Katika Utafiti wa Saratani

Mimi ni mzaliwa wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, na kazi yangu ni bioinfomatiki ya saratani. Sitibu wagonjwa, na siku nyingi sigusi hata kichupa cha maabara. Ninachofanya ni kuchukua vinasaba vilivyosomwa kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa, kuvilinganisha kwa kompyuta na vinasaba vya damu yake mwenyewe, na kutafuta tofauti: herufi iliyobadilika, kipande kilichokatika, jeni iliyojirudia kupita kiasi. Jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi takriban bilioni 3, na kila mmoja wetu amepokea nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Saratani huanza pale baadhi ya herufi hizo zinapoharibika, na seli ikaendelea kugawanyika wakati mwili hauihitaji.

Vijana wa sekondari nyumbani huniuliza kazi hii inaanzia wapi. Wanatarajia niseme inaanzia kwenye kompyuta. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yao, na kwa wazazi wao, ambao jambo hili linawahusu kuliko wanavyodhani.

1. Data huanza na kinyama, na kinyama huanza na safari

Mtu wa Kanga akihisi uvimbe huanzia zahanati. Akiambiwa jambo ni kubwa, hupanda gari au bodaboda hadi hospitali ya wilaya Kilindoni. Kutoka hapo ni boti hadi Nyamisati, bahari ikiruhusu, kisha basi kupitia Mkuranga hadi Dar es Salaam. Huko ndiko waliko wataalamu wa patholojia, na ndiko iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwetu jina hilo peke yake hunyamazisha watu. Ukisikia fulani kapelekwa Ocean Road, huulizi tena anaumwa nini.

Daktari akishakata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, huanza kuharibika dakika ile ile, ndiyo maana huzamishwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi. Mwongozo wa kimataifa wa saratani ya titi unataka kiingie humo ndani ya saa 1 tangu kukatwa, kikae si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Kikichelewa, vipokezi vya homoni vinaweza visionekane kwenye kipimo, na mama ambaye vidonge vya kuzuia homoni vingemsaidia akaandikiwa kwamba havimfai. Fomalini nayo ina madhara yake kwa vinasaba: huvikatakata vipande vifupi na kuiharibu herufi C kiasi kwamba mashine huisoma T.

Nilipoanza masomo ya uzamivu nje ya nchi nilikabidhiwa data za vinyama vya zamani vilivyokusanywa katika hospitali mbalimbali. Skrini ilijaa mabadiliko ya C kwenda T. Programu haikuona tatizo lolote, kwa kuwa haina namna ya kutofautisha T ya saratani na T ya fomalini. Ilibidi nitafute karatasi za hospitali, moja baada ya nyingine, nijue kila kipande kilikatwa lini na kilihifadhiwaje. Vile vilivyolala muda mrefu kwenye fomalini ndivyo vilivyoonekana kuwa na mabadiliko mengi kuliko vyote. Siku hizi nikipokea data mpya swali langu la kwanza halihusu kompyuta hata kidogo. Nauliza kipande hiki kilikatwa saa ngapi, na kikafika maabara saa ngapi. Mwenye jibu huwa ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Muuguzi anayeandika saa kwenye kichupa, hata siku ya wagonjwa wengi, ni mtafiti wa saratani kama mimi, na naamini jina lake lastahili kuwemo kwenye makala tunazochapisha.

2. Uliza nani hayumo

Mradi wa Marekani uitwao The Cancer Genome Atlas ulianza mwaka 2006 na ukachunguza uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa aina 33 za saratani. Mengi niliyojifunza katika fani hii niliyapata humo bila malipo, na nawashukuru wagonjwa wale. Lakini wengi wao ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Hata jenomu ya rejea, ile ambayo kila herufi tunayosoma hulinganishwa nayo, sehemu yake kubwa ilitoka kwa mtu mmoja. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza watu 910 wenye asili ya Afrika walitangaza kuwa wamekuta herufi karibu milioni 300 ambazo hazimo kwenye rejea hiyo. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika, ulitoa tofauti zaidi ya milioni 3 zilizokuwa hazijaandikwa popote.

Pwani yetu ina historia yake pia. Mwaka 2023 zilichapishwa DNA za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Zilionyesha kwamba tangu takriban mwaka 1000 damu ya Kiafrika, hasa upande wa kina mama, ilichanganyika na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, upande wa kina baba. Watu wenye historia ya namna hiyo hawawezi kuwakilishwa na kundi moja la Waafrika lililochukuliwa bara, sembuse Wazungu.

Kwa mtafiti wa saratani hili ni jambo la kila siku. Nikiona herufi ngeni kwenye uvimbe wa mgonjwa wa Tanga, lazima nijue kama imeletwa na ugonjwa au ndivyo alivyozaliwa, kama walivyozaliwa nusu ya majirani zake. Bila damu yake ya kulinganisha, na bila kumbukumbu za watu wa kwao, naweza kuilaumu saratani kwa kitu alichorithi kwa bibi yake.

Wapo wengine wasiokuwemo, na hao hunikosesha usingizi zaidi. Shangazi yangu alifia nyumbani Kanga kwa uvimbe wa titi ambao haukukatwa wala kupimwa. Nauli ya kwenda Dar es Salaam ilipopatikana, hali yake ilikuwa haimruhusu tena kupanda boti. Hakuna daftari la saratani lenye jina lake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Yale ni makadirio, yaliyojengwa juu ya rejista za maeneo machache ya nchi. Kila ninapochora grafu ya wagonjwa wa Tanzania najua inaonyesha waliofika, yaani waliokuwa na nauli, na ndugu wa kufikia mjini, na uvimbe uliowasubiri kidogo. Saratani zinazoua haraka hazifiki. Kwa hiyo tukisema uvimbe wa Watanzania una tabia hii au ile, tunawasemea walioweza kuvuka bahari.

3. Maswali makubwa yametoka kwetu, na yalianzia barabarani

Mwanafunzi akiniambia kuwa sayansi ya saratani ni ya Boston na London, namsimulia habari ya Mulago.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Haukupita muda akamwona mwingine kama yeye Jinja. Akapekua majalada, akagundua kuwa watoto wa aina hiyo ni wengi na kwamba uvimbe wao wa taya na wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Akachapisha mwaka 1958. Kisha akajiuliza ugonjwa huu unakaa wapi na haukai wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaendesha takriban kilomita 16,000 Afrika Mashariki na kusini mwake, wakipita hospitali kwa hospitali na kuuliza: mmewahi kuwaona watoto hawa? Jibu lilifuata joto na mvua. Mabonde na mwambao, ndiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hapana. Eneo lile ndilo lile lile la malaria kali.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwemo ukumbini. Wakakubaliana vinyama visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester. Kipande kilipomfikia kimechelewa, majimaji yake yalikuwa yamechafuka, na mwingine angedhani kimeingiwa na bakteria akakitupa. Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta seli za uvimbe zikielea, zikiwa hai. Seli hizo walifanikiwa kuzikuza maabara, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vinavyoitwa hadi leo Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ndani ya uvimbe ule kromosomu ya 8 na ya 14 mara nyingi huwa zimebadilishana vipande, na mwaka 1982 ikajulikana kuwa jeni ya MYC huwa imehamishiwa mahali inapowashwa bila kuzimika. Jeni hiyo leo tunaitazama katika saratani nyingi sana. Sehemu ya habari zake ilisafiri kutoka taya la mtoto wa Uganda.

Tanzania ina sura yake katika kisa hiki. Kuanzia mwaka 1977 watoto wa tambarare za Mara kaskazini walipewa klorokwini ili ionekane kama kuzuia malaria kungezuia pia uvimbe wa Burkitt. Malaria ilipungua mwanzoni kisha ikarudi. Wagonjwa wa Burkitt walipungua pia, ila kupungua huko kulikuwa kumeanza kabla dawa haijagawiwa. Waliofanya utafiti waliandika hivyo hivyo, bila kupamba, ingawa ingekuwa rahisi kutangaza ushindi. Makala yao ya mwaka 1989 huwa nawasomesha wanafunzi wangu kabla ya makala yoyote ya jenomu.

4. Programu hujifunzwa, biolojia huzoewa

Hapa nitakuwa mfupi. Jifunze kutumia Linux kwa kuandika amri, jifunze R au Python, jifunze takwimu kwa kina kuliko vyote. Siku hizi huna sababu ya kusubiri udhamini wa Ulaya ndipo uanze. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya uongozi wa Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliunganisha vyuo vya Afrika, na kuanzia 2016 uliendesha kozi ya utangulizi ambayo mwanafunzi aliifuata akiwa darasani nchini kwake.

Lakini usiiamini programu kuliko unavyokijua kilichomo ndani yake. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake nchini Australia walionyesha kuwa takriban makala 1 kati ya 5 zilizoambatanisha orodha za jeni katika majedwali ya Excel zilikuwa na majina ya jeni yaliyogeuzwa kuwa tarehe. Jeni SEPT2 iligeuka tarehe 2 Septemba, MARCH1 ikawa siku ya Machi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni iliamua kuzibadilisha jina jeni zenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Wahariri, wakaguzi na maprofesa waliziona orodha zile wakapitisha. Anayezijua jeni zake kama mwalimu anavyojua majina ya darasa lake angeona mara moja kwamba yupo asiyeitika.

5. Dawa ile ile, mwili mwingine

Tamoksifeni ni kidonge cha saratani ya titi kinachotumika dunia nzima, na ni cha bei nafuu. Chenyewe hakina nguvu sana hadi ini likigeuze kuwa endoksifeni, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huitwa CYP2D6. Miaka ya 1990 mwishoni watafiti waliwachunguza Watanzania wakaona kuwa wengi wana kimeng'enya kinachofanya kazi polepole kuliko cha Wazungu. Mwaka 2001 walieleza aina ya jeni ya kimeng'enya hicho iitwayo *29, iliyoonekana sana kwa Watanzania na yenye uwezo uliopungua. Waafrika wengi wana nyingine pia, *17, ya tabia hiyo hiyo.

Je, mama wa Kitanzania mwenye *29 ananufaika kidogo na tamoksifeni? Wataalamu wanabishana, kwa kuwa tafiti za wagonjwa zimetoa majibu yanayopingana, na nyingi zilifanywa kwa wanawake wasio na *29 kabisa. Sitaki mgonjwa yeyote aache vidonge vyake kwa kusoma haya. Vimeokoa maisha ya wengi na vinaendelea kuokoa. Ninachosema ni kwamba tumejua jambo hili tangu 2001, na swali la mama wa Kitanzania lilitakiwa liwe limejibiwa na Watanzania zamani.

6. Ridhaa ni mazungumzo, na majibu ni deni

Pwani yetu watu walikua wakisikia habari za mumiani, wanyonya damu wanaokuja usiku. Mtafiti anayefika na sindano na fomu ya kurasa kadhaa, akazisoma haraka na kuonyesha mahali pa kuweka dole gumba, asishangae watu wakifunga milango. Na hofu yao ina sababu. Mwaka 1951 huko Baltimore seli za Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akifa kwa saratani ya mlango wa kizazi, zilichukuliwa na kukuzwa bila yeye kuulizwa. Ni seli za HeLa, ambazo zimetumika katika maabara za dunia nzima, nami nimezitumia. Familia yake ilikuja kujua miaka ya 1970.

Tulipokwenda kukusanya sampuli vijijini, mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, damu mmeichukua, majibu mtaleta lini?" Nilimjibu ukweli, kwamba yeye binafsi huenda asipate jibu lolote, na kwamba tungerudi kueleza tulichokiona kwa wote. Alitaka kujua damu inalala wapi, nani ana ufunguo, na kama ikipelekwa nje nani ameruhusu. Ni maswali yale yale ambayo sheria zetu zinauliza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, lazima ipitishe utafiti, na sampuli haivuki mpaka bila makubaliano ya maandishi.

Kuhusu kurudi, kaskazini mwa Mafia tuna mfano wa karibu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti huko mwaka 1965, akaendelea kurudi kwa miongo kadhaa, na mwishowe kitabu chake *Mikidadi wa Mafia* kikatoka kwa Kiswahili, watu wa Mafia wakajisomea wenyewe. Sisi wa vinasaba tunachapisha kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hata daktari wa wilaya hana namna ya kuyafungua. Naona ni aibu, na inatibika. Ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, uliobandikwa zahanati na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji, unaandikika kwa mchana mmoja.

7. Usingoje jenomu pale jibu lilipo

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalonigusa kuliko yote. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya 2020 ni zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka. Chanzo chake, virusi vya HPV, kilitambuliwa na Harald zur Hausen miaka ya 1980, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Sisi watu wa jenomu bado tuna la kusema hapo. Mwaka 2020 uchunguzi wa uvimbe wa wagonjwa 118 wa Uganda ulionyesha kuwa aina mbalimbali za HPV huacha alama tofauti katika seli, jambo linaloweza kusaidia matibabu ya kesho. Nimeisoma makala ile mara nyingi na naiheshimu sana.

Hata hivyo, mama wa Kanga hahitaji nimsomee jenomu ili asife kwa ugonjwa huu. Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, na kampeni ya mwaka huo ikawalenga wa miaka 9 hadi 14. Uchunguzi upo pia: muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kabla haijawa saratani. Kipimo hicho hakihitaji umeme wa uhakika wala kompyuta wala safari ya Dar es Salaam.

Basi nawaomba wazazi wa Kanga, Bweni, Kirongwe na kwingineko: binti aliyefikisha miaka 9 apelekwe achanjwe, na uvumi kwamba chanjo hii inafunga uzazi msiubebe, si kweli. Dada na mama zangu mliofikisha miaka 30, nendeni mkapimwe hata kama hamsikii maumivu, maana kwa ugonjwa huu maumivu huja mwishoni. Na wewe kijana unayetaka kazi yangu, anza kwa kumsindikiza mama yako kliniki.